Majani ya Mgomba Kwenye Bampa

Mama yangu, Ephrasia, aliendesha gari peke yake siku moja tu katika maisha yake, na hata hiyo siku yenyewe alirudi na abiria wawili. Nasema peke yake kwa maana ya peke yake hasa: kiti cha mbele kitupu, kiti cha nyuma kitupu, hakuna wa kumwambia kata kulia, punguza mwendo, msalimie yule. Siku nyingine zote alizoshika usukani baada ya baba kufa alikuwa amembeba baba yangu mdogo, Karugendo, ambaye alipenda kukaa nyuma kama mkuu wa mkoa.

Gari lilikuwa la baba. Datius, baba yangu, alikuwa karani wa ushirika wa kahawa, na miaka saba baada ya Uhuru alinunua Volkswagen ya kijivu, kuukuu, yenye mlango mmoja usiofunguka kwa ndani. Halafu akafanya jambo ambalo Nyanga yote, kijiji chetu karibu na Bukoba, ililicheka mpaka kushika mbavu: akamfundisha mkewe kuliendesha. Mwanamke wa Kihaya kwenye usukani, tena mwalimu wa shule ya msingi, tena mjamzito, maana tumboni nilikuwamo mimi. Watu walisimama ndani ya migomba kumtazama akizima injini mlimani. Baba alikuwa anasukuma na kucheka pamoja nao, na mama akajifunza.

Mwaka 1975 baba akafa kwa ugonjwa wa ini. Wazee wa ukoo wakamweka Karugendo kuwa mrithi. Alirithi kibanja cha Nyanga, yaani shamba la migomba, kahawa yake, nyumba, kibanja kingine cha ukoo kule kando ya ziwa, na gari. Gari hakujua kuliendesha, na hakutaka kujifunza kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwendesha. Mtu huyo naye, kwa maoni yake, alikuwa ndani ya urithi. Alikwisha kusema mbele ya wazee kwamba mwaka wa matanga ukiisha na shemeji akavua nguo nyeusi, atamwoa, awe mke wa pili, na mambo yabaki nyumbani.

Husemwa kwamba marehemu asisemwe vibaya. Mimi nitamsema Karugendo kidogo, kisha nitanyamaza. Hakuwa mtu wa kupiga. Hakuwa mlevi kuliko wengine. Alikuwa mtu wa kufunga milango polepole, mmoja baada ya mwingine, huku akikuuliza kama umekula. Wiki moja baada ya mazishi alinichukua, mimi Kokuhirwa, mtoto pekee wa nyumba ile, akanipeleka kwa dada yao Clotilda katika kijiji cha Bugasha, kando ya ziwa, mbele ya Muleba. Nilikuwa na miaka sita. Mama alipouliza kwa nini, akajibiwa kwa upole: mtoto ni wa ukoo. Mama akitaka kuondoka Nyanga, mlango uko wazi, hata kesho. Mtoto haendi.

Basi mama hakuondoka. Mbuzi hafungwi kwa mnyororo, hufungwa kwa kamba tu, na kamba yenyewe ilikuwa mimi.

Kwa mwaka mzima hakuniona. Alifundisha, akarudi, akapika, akamwendesha Karugendo kwenye mikutano ya kijiji, ya chama, ya ushirika na ya wazee. Miaka ile ilikuwa ya mikutano. Usiku alilala katika nyumba ambamo vyumba vyote vilikuwa na ufunguo isipokuwa chake. Rafiki yake mmoja tu alijua alichokuwa akipanga, mwalimu mkuu wake, Mwalimu Benadetha, aliyemtafutia barua ya uhamisho kwenda shule moja Mwanza bila kumwambia mtu. Barua ile mama aliishona ndani ya pindo la gauni jeusi. Ilikuwa na maana kama angekuwa na mimi. Bila mimi ilikuwa karatasi.

Sherehe ya kumaliza matanga ilipangwa Jumamosi. Karugendo alikwisha kununua mbuzi. Jumapili iliyotangulia hiyo Jumamosi ndiyo mama aliyoichagua, kwa sababu jioni ile kulikuwa na meli ya Mwanza ikipita Kemondo, na kwa sababu Karugendo mwenyewe alikuwa amejaza tangi kwa kibali chake cha mafuta, ili saa tatu apelekwe mkutanoni. Ufunguo alimpa mama tangu jana yake jioni, aoshe gari. Mama aliliosha, akalikausha kwa kanga, na saa kumi na moja alfajiri akalisukuma hadi barabarani kabla ya kuliwasha. Karugendo alipoamka alidhani shemeji amekwenda kwao Kagondo. Akatembea kwa miguu hadi Kagondo, hakumkuta, akatembea tena kurudi. Hilo hunifurahisha mpaka leo.

Kulikuwa na sharti moja lililombana mama. Jumapili, magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kubana mafuta. Alihesabu hivi: saa tatu asubuhi awe Bugasha, saa saba awe Kemondo bandarini, akae na mtoto wake chini ya mti mpaka meli ije. Hesabu nzuri. Ilidumu mpaka kizuizi cha kwanza.

Wakati ule kahawa nyingi ilikuwa inavushwa kwa magendo, kwa hiyo mgambo waliweka miti barabarani na kupekua kila chenye magurudumu. Mgambo wa kizuizi kile alivaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Aliinama dirishani akamtazama mama kichwani, maana alikuwa amenyolewa kama wajane wanavyonyolewa, akatazama kiti cha pembeni.

"Unakwenda wapi?"

"Muleba."

"Mume wako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Kwa nini uko peke yako?"

Swali la tatu aliliuliza mara nne. Kila mama alipojibu, alilirudia kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayefundisha katekisimu. Wakatoa kiti cha nyuma. Wakafungua boneti ya mbele, wakafungua injini ya nyuma, wakachokonoa gurudumu la akiba kwa kijiti. Kahawa hakuna. Wakamweka kando ya barabara mpaka mkubwa wao atoke misa ya kwanza. Saa nzima na zaidi ikaenda hapo, mama amekaa ndani ya gari na mikono magotini, akijua kwamba kama angekuwa na mwanamume yeyote pembeni, hata kichaa, angekwisha kupita.

Walipomwachia alikutana na tatizo la pili, ambalo ni sisi wenyewe. Gari lenye viti vitupu halimpiti mtu kwetu. Ukimpita ni tusi kwake na kwa waliomzaa. Kila kona palikuwa na mkono umeinuliwa: mwanamke mwenye kikapu cha dagaa, mzee aliyevaa suti ya kwenda misa, mgonjwa amelazwa kwenye machela. Mgonjwa alimchukua hadi zahanati, akapoteza nusu saa nyingine. Wengine aliwapita akitazama mbele, nao wakamtukana kwa jina la baba yangu, kwa sababu gari la Datius lilijulikana barabara nzima. Alipofika kwenye kijito kimoja baada ya Muhutwe, akakuta gogo moja la daraja limesogea, alisimama, akazima injini, akaanza kulia.

Kando ya kijito wamekaa wanawake waliotoka kanisani, wananawa miguu. Wakamtazama. Kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi, gari tupu, machozi. Mkubwa wao, mama mmoja anaitwa Jovita, akaja dirishani akashika mlango.

"Waitu mama, pole. Ni nani tena?"

Mama alilia zaidi.

"Anakwenda kuchukua maiti," Jovita akawaambia wenzake. "Peke yake! Mjane! Wanaume wa ukoo huo wamekwenda wapi, wamekwisha wote?"

Wakamlilia. Wawili wakaingia majini na kulirudisha gogo mahali pake. Mmoja akapanda ukingoni akakata majani mawili mapana ya mgomba, wakayafunga kwenye bampa ya mbele, moja kulia, moja kushoto, kama gari la msiba linavyofungwa, ili asisumbuliwe na mtu njiani. Mama hakusema uwongo hata mmoja. Nimemhoji sana juu ya jambo hili, na hukumu yangu ni kwamba alinyamaza kwa ustadi mkubwa.

Kuanzia hapo dunia ikafunguka. Hakuna aliyeinua mkono. Wanaume walivua kofia. Wanawake walitua mizigo wakainamisha vichwa. Penye shamba la kijiji, ambako watu walikuwa wamepelekwa kulima hata Jumapili, walilaza majembe wote pamoja na msimamizi wao. Kizuizi cha pili waliinua mti kabla hajapunguza mwendo. Alishika njia ya vijiji vya pwani, ziwa likiwa mkono wa kushoto karibu kabisa, mitumbwi imegeuzwa mchangani, dagaa wameanikwa juu ya majani. Aliteremsha kioo. Upepo ukampiga kichwani. "Nilifurahi," aliniambia, "nikaona aibu kwa kufurahi, kisha nikafurahi tena." Ilidumu muda wa saa moja na nusu. Uhuru wetu sisi sote ulikuja na bendera; wa mama ulikuja na majani ya msiba, na ulikwisha alipokunja kona ya kuingia Bugasha.

Alikuwa amesahau kuyatoa majani.

Maneno yake yalikuwa tayari: Karugendo amenituma nimchukue mtoto kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi. Maneno mazuri, yanaaminika, na Shangazi Clotilda hakuwa na njia ya kuyapima kabla ya siku mbili tatu. Lakini gari lenye majani likiingia kijijini halihitaji maneno. Watu walianza kulikimbilia tangu penye duka la ushirika. Lilipofika mbele ya nyumba ya shangazi lilikuwa na watu thelathini nyuma yake, na mbele yao mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rugaibula, anafunga vifungo vya shati.

Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Niliposikia injini nilijua. Mtoto hasahau sauti ya gari la baba yake. Nilitoka nikasimama penye kizingiti na kisu mkononi, nikamwona mama amekonda, amenyolewa, na sikumkimbilia. Nilimwogopa. Hilo nalo nimemwambia, naye alisema aliliona.

Shangazi Clotilda akatoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyerudishwa na mumewe kwa sababu hakuzaa, na tangu hapo akaishi kwenye kibanja kile cha ziwani kwa hisani ya kaka zake, kwanza baba, sasa Karugendo. Mama alipiga magoti kumsalimia. Shangazi hakuitika salamu. Aliyatazama majani.

"Muka Datius," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, mke wa Datius. "Ni nani?"

Mama aliniambia kwamba alifungua kinywa kusema si mtu, ni wanawake wa kijitoni waliokosea, akaona watu thelathini, akaona aibu, akaniona mimi na kisu changu, akasikia saa zinakwenda. Kulikuwa na jina moja tu lililokuwa kooni mwake mwaka mzima.

"Ni Karugendo," alisema.

Shangazi alimtazama. Nakumbuka alimtazama kitambo, kiasi cha kumeza mate mara mbili. Kisha akapiga yowe ambalo sijapata kusikia tena, akaanguka chini kwenye majani ya kahawa, na Bugasha yote ikaangua kilio pamoja naye. Nami nililia kwa sababu wote walikuwa wanalia. Moyoni nilijiambia kwamba kama ni lazima mtu afe, wamechagua vizuri.

Mtu akitoa habari ya msiba hawezi kuinuka na kuondoka. Mama alikalishwa chini. Akaletewa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, na kila aliyekuja kutoa pole alitafuna punje pamoja naye na kuuliza: aliumwa nini? Lini? Alisema nini mwisho? Mama alijibu "tumbo", "jana", na "hakusema". Saa sita ikapita hivyo. Saa saba ikapita. Alikuwa na mtoto wake hatua kumi mbele, gari lake hatua ishirini, na hakuweza kusogea.

Hatimaye shangazi mwenyewe akasimama. "Twendeni," alisema. "Nimzike ndugu yangu."

Mama hakuwa amefikiria hilo. Dada wa marehemu, ni nani atamzuia kupanda? Na kabla hajalimeza hilo, Mzee Rugaibula naye akafungua mlango wa mbele, akakaa, akaweka kofia magotini. Mwenyekiti hawezi kukosa msiba wa mrithi, alisema.

"Mikono mitupu?" shangazi akamuuliza.

Mzee akamtazama.

"Unakwenda Nyanga, mbele ya ukoo wetu, kijiji kizima kimekutuma, na huna hata mkungu mmoja? Shuka, Mwenyekiti. Kusanya watu. Mje kesho na ndizi na pombe ya rubisi kama watu wanaojua msiba. Ama unataka Nyanga waseme Bugasha hakuna mwenyekiti?"

Mzee Rugaibula akashuka. Shangazi akanishika mkono, akaniingiza nyuma, akakaa mbele, na mama akawasha gari.

Safari ile ya kurudi naikumbuka mwenyewe. Kila tulipoingia kijiji, shangazi alipiga kilio kikali, anajigonga kifua, watu wanavua kofia. Tukitoka kijijini alinyamaza papo hapo, akatazama mbele na macho makavu. Kijiji kingine, kilio. Porini, kimya. Mama alikuwa anawaza njiapanda ya Kemondo. Akikata kwenda bandarini, shangazi atapiga yowe la kweli na bandari nzima itawashika. Asipokata, saa moja baadaye atafika Nyanga na kumkuta Karugendo kibarazani, mzima, ana njaa, anauliza gari lilikuwa wapi. Alisema hajapata kuona barabara ndefu na nyembamba namna ile. Akili yake ilizunguka na kuzunguka, kila upande ikakuta ukuta.

Penye kizuizi cha kwanza ilikuwa imefika saa tisa. Mgambo wa koti lisilo na vifungo alisimama katikati ya njia ameinua mkono.

"Saa nane imepita. Gari la binafsi, Jumapili. Linalala hapa." Kisha akaona majani, akamkumbuka mama. Akachungulia nyuma, akaniona. "Kumbe ulikuwa unakwenda kuchukua maiti. Maiti iko wapi?"

Mama aliniambia kwamba hapo aliuachia usukani mikono ikaanguka.

"Maiti iko Nyanga," shangazi alisema. "Mimi ni dada yake. Nimefuatwa nikamfunge macho, wewe unaniuliza saa. Una dada?"

"Ninaye."

"Utakapokufa, na ashikwe kwenye kizuizi."

Mgambo akainua mti kwa mikono miwili. Hakuandika hata namba ya gari.

Njiapanda ya Kemondo ilipokaribia, mama alipunguza mwendo. Hakukata kushoto wala kulia. Wala hajui kama angekata. Shangazi akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, "Simamisha hapa."

Gari likasimama. Ziwa lilionekana pale chini, na meli ilikuwa bado.

"Karugendo hajafa," shangazi alisema.

Mama alimgeukia.

"Kifo cha mrithi kinaletwa na wanaume wawili wa ukoo. Wanakuja kwa miguu mpaka mlangoni, wanasema wamesimama, hawaketi. Hatumtumi mjane, tena mwenye nguo nyeusi, tena kwa gari. Hata mtoto mdogo anajua. Umekosea hata kudanganya, muka Datius."

"Ulijua tangu kule?"

"Tangu ulipolitaja jina lake. Ndiyo maana nilipiga yowe. Rugaibula si mjinga, ningemwachia nafasi ya kufikiri angelitambua."

Mama alilaza kichwa kwenye usukani, honi ikalia, tukashtuka wote watatu. Alipoinuka alisema haraka haraka, "Twende wote. Shangazi, twende wote Mwanza. Nina barua, nina kazi, tutakaa wote."

Shangazi alikuwa tayari amefungua mlango wake. Aligeuka akanitazama, kisha akamtazama mama.

"Tukipotea wote ni wizi. Karugendo atapiga simu polisi, nao watawasubiri bandarini Mwanza kabla hamjala kifungua kinywa. Lakini nikirudi nikasema mtoto nimemtoa mimi, mimi ishenkazi, dada wa baba yake, kwa mkono wangu na akili yangu timamu, hilo ni neno la ukoo. Atafanya nini? Atanishtaki kwa nani? Lazima awepo mtu wa kulisema."

"Atakufanyaje?"

"Atanifanya atakavyoweza."

Alishuka. Akaja kwenye dirisha langu, akaingiza mkono, akanifuta maganda ya ndizi yaliyokuwa yamekauka vidoleni mwangu, kidole kimoja kimoja. Mwaka mzima alikuwa amenilaza kitandani kwake upande wa ukutani. Hakuwa na mtoto mwingine. Nilidhani nitamwona kesho, kwa hiyo sikulia.

"Yatoe majani," alimwambia mama. "Yametosha." Akafunga kanga kiunoni, akashika njia ya Bukoba, kuelekea Nyanga, kwa miguu.

Tuliingia melini kabla ya giza. Gari tuliliacha bandarini na ufunguo ndani. Karugendo alikuja kulichukua kwa kulisukuma, na kwa kuwa hakukuwa tena na wa kuliendesha, kuku walitaga ndani yake mpaka mwisho.

Yaliyofuata tuliyasikia kwa watu wa meli. Jumatatu mchana Mzee Rugaibula alifika Nyanga na watu arobaini, mikungu, vibuyu vya rubisi, kilio kimeanza tangu barabarani, wakamkuta marehemu anakunywa chai. Watu wa kwetu wanaisimulia mpaka leo, na mimi huicheka kila mara. Wazee walisema mtu akililiwa akiwa hai ataishi miaka mingi. Karugendo hakucheka. Neno la dada yake hakuweza kulipangua mbele ya ukoo, basi akafunga mlango mwingine, polepole. Alimtoa kwenye kibanja cha ziwani. Kijiji kikampa kiwanja kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi ambako mgomba hauoti bila samadi, naye hakuwa na ng'ombe. Kisha akamwekea sharti: siku utakayovuka ziwa, nami nitavuka kumfuata mtoto.

Kwa hiyo kamba haikukatwa. Ilibadilisha shingo tu. Mama alifundisha Mwanza, akajenga chumba na sebule, akanisomesha, na kila Jumapili saa nane mchana alikaa kimya. Alituma nguo na sukari kwa mabaharia, hakujua kama vilifika. Aliweza kwenda kokote Tanzania isipokuwa mahali pamoja, na ndipo alipopataka. Nilipomwambia asijilaumu aliniambia nifunge mdomo, naye hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Barua ilikuja mwaka 1984. Bahasha ilikuwa na herufi kubwa zilizopinda, zimeandikwa kwa penseli na kukandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Shangazi Clotilda alikuwa amejifunza kuandika kwenye darasa la watu wazima, huko huko kwenye rweya, na ndiyo ilikuwa barua yake ya kwanza. Mama aliisoma amesimama mlangoni. Kisha akanipa mimi, nimsomee kwa sauti.

"Muka Datius," nilisoma. "Karugendo amekufa. Wamekuja wanaume wawili, kwa miguu, hawakuketi. Nimekwenda na nimemwona kwa macho yangu. Sasa njoo unichukue."

Nilipoinua macho, mama alikuwa amekwisha kuvaa viatu.